Namna ya Kupima Afya ya Kijito cha Milimani: Mwongozo Kamili

Kijito kinachozaliwa katika msitu wa Uluguru huishi maisha matatu kabla ya kufika uwandani. Juu kabisa hupita kivulini, kikirukia mawe na kubeba majani makavu. Katikati hukutana na migomba, magimbi na mashamba ya mboga yaliyobanana na ukingo. Chini hukutana na mji, pamoja na mifereji yake, nguo zake na pikipiki zake zinazooshwa. Mto Morogoro ni mfano mzuri wa maisha hayo. Hushuka kutoka milimani, hukata katikati ya mji wa Morogoro, huingia Ngerengere, na maji yake huishia Ruvu, mto ambao wakazi wa Dar es Salaam huutegemea kwa maji ya bomba. Mtu anayetaka kujifunza kupima afya ya kijito hana haja ya kwenda mbali, kwa kuwa katika mwendo wa siku moja anaweza kuona vijito vitatu ndani ya kimoja.

Kabla ya yote, msomaji aachane na imani kwamba maji maangavu ni maji yenye afya. Mto uliochafuka kwa tope la masika unaweza kuwa na uhai tele chini ya mawe yake, ilhali kijito kilichotiliwa utupa, mmea wa kulevya samaki, au ambacho mkulima amesuuzia bomba lake la dawa, hung'aa kama kioo na kisiwe na hata mdudu mmoja. Chupa ya maji iliyochotwa saa nne asubuhi hueleza habari za saa nne asubuhi. Haina habari ya kilichomwagwa usiku wa jana. Wadudu wa majini hulala palepale, na baadhi yao hukaa majini kwa miezi mingi kabla ya kuota mabawa. Hao ndio mashahidi wa kijito. Mwongozo huu umejengwa juu ya ushahidi wao, na vipimo vingine vyote vimewekwa ili vitusaidie kuelewa kwa nini shahidi fulani yupo na mwingine hayupo.

Ieleweke pia kwamba afya ya kiikolojia si sawa na usalama wa maji ya kunywa. Kijito cha msituni kinachostahili alama za juu kabisa kinaweza kubeba vimelea vya kuhara kwa sababu ya mnyama mmoja aliyekunya majini hatua chache juu yako. Matokeo ya kazi hii yasitumiwe kumwambia mtu kwamba anaweza kunywa maji bila kuyachemsha.

Kuchagua sehemu, wakati na ruhusa

Kipimo cha sehemu moja peke yake husema kidogo sana. Chagua walau sehemu mbili: moja juu ya shughuli unayoishuku, kwa mfano bustani za mboga, machimbo ya mchanga au mfereji wa mji, na nyingine chini yake, mahali ambapo maji yaliyoingia yamekwisha kuchanganyika vizuri na ya kijito. Kama inawezekana ongeza ya tatu karibu na msitu, iwe kielelezo cha hali ya asili. Urefu wa kila sehemu uwe kati ya mara kumi na ishirini ya upana wa maji, ili uweze kupata mkondo wa kasi juu ya mawe, maji yaliyotulia, na mimea ya ukingoni.

Hapa ndipo wengi hukosea. Sehemu zinazolinganishwa ni lazima zifanane kwa umbile, yaani mawe yalinganishwe na mawe, mchanga na mchanga. Kijito kinaposhuka mlima hupata joto, hupungua kasi na sakafu yake hugeuka kutoka mawe kuwa changarawe na mchanga, na wadudu hubadilika pamoja nayo hata pasipo binadamu. Ukilinganisha maporomoko ya msituni na mkondo wa mchanga wa uwandani, kisha ukailaumu mboga kwa tofauti yote, utakuwa umemwonea mkulima. Ndiyo maana jozi ya sehemu zilizo karibu, juu na chini ya chanzo kimoja cha uchafuzi, ina thamani kuliko sehemu kumi zilizotawanyika.

Wakati mzuri ni kiangazi, baina ya Julai na Septemba, maji yanapokuwa kidogo na yametulia. Mafuriko ya masika hufagia sakafu ya kijito na kuwachukua wadudu, kwa hiyo baada ya mvua kubwa subiri walau majuma mawili, na matatu ni bora zaidi, ili wakazi warudi. Mwaka wa kwanza niliofanya kazi hii nilipima siku mbili baada ya mvua ya ghafla, nikapata viumbe vinne tu, na nikaandika kwa ujasiri mkubwa kwamba kijito kimekufa. Mwezi uliofuata kilikuwa kimejaa. Ukiamua kupima mara mbili kwa mwaka, pima kiangazi na mwisho wa vuli, na mwaka unaofuata rudi katika majira yaleyale.

Kuhusu ruhusa, anza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, na umweleze kwa lugha nyepesi unachokuja kukifanya. Watu wanaomwona mgeni akipekua mto huku akiandika daftarini huwa na haki ya kujiuliza kama anatafuta dhahabu au anataka kuwafukuza mashambani. Ukitaka kuingia ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ikiwa ni utafiti rasmi, taratibu za COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, nazo zinakuhusu.

Vifaa

Vifaa vingi hupatikana sokoni. Unahitaji beseni au sinia nyeupe (weupe ni muhimu, kwani wadudu wengi ni wa rangi ya udongo), kijiko cha plastiki, kibano, kioo cha kukuzia, kipima joto, futikamba, saa yenye sekunde, penseli, daftari, ndoo, na chungwa moja. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino kwa sababu maandishi yake hayafutiki yanapolowa. Kazi ya chungwa itaonekana baadaye.

Wavu ndicho kifaa cha kutengeneza kwa uangalifu. Kunja waya mgumu uwe mraba wa sentimita 30 kila upande, ufunge kwenye mpini wa mti wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, kisha ushonee mfuko wa kitambaa cha neti chenye matundu ya takriban milimita moja. Usitumie chandarua kinachogawiwa kwa ajili ya malaria. Vyandarua hivyo vimetiwa dawa ya kuua wadudu, nayo huua wadudu wa majini sawasawa na inavyoua mbu. Utakuwa umeingia mahakamani na sumu ya kuwaulia mashahidi. Nunua neti ya pazia isiyo na dawa.

Usalama

Vaa gambuti na glavu ndefu za mpira. Katika maeneo ya chini, penye maji ya uvuguvugu yaliyotulia na konokono, kichocho ni hatari ya kweli, nacho hupenya ngozini bila maumivu. Mjini, hatari kubwa zaidi ni vipande vya chupa na sindano. Milimani, hatari ni mvua usiyoiona: jua linaweza kuwaka ulipo huku mvua ikinyesha kileleni, na maji yanapobadilika rangi ghafla au kuanza kubeba majani na vijiti vingi, toka nje mara moja na upande juu. Msiende chini ya watu wawili. Kwenye mito mikubwa ya uwandani yenye mamba na viboko, mwongozo huu hauhusiki.

Kusoma kingo na sakafu

Kabla ya kutia mguu majini, tembea kando ya sehemu yote na uchore ramani ndogo inayoonyesha mkondo unaelekea wapi, miti iko wapi, shamba linaanzia wapi, watu wanateka maji na kufua wapi, na bomba au mfereji gani unaingia. Piga picha ukiwa umesimama mahali unapoweza kupatambua tena mwakani, kwa mfano kwenye shina la mkuyu au nguzo ya daraja.

Pima kwa hatua upana wa mimea ya asili kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na umbali huo ni kipimo kizuri cha kuanzia hata kama katika bonde jembamba la Uluguru hutaupata mara nyingi. Andika unachokiona bila kuhukumu: mita ngapi ni miti na vichaka, mita ngapi ni magimbi au mchicha, wapi udongo uko wazi. Tofautisha miti ya asili na mikaratusi au mianzi iliyopandwa. Kadiria pia ni sehemu gani ya maji iliyo kivulini wakati wa adhuhuri, kwa kuwa kivuli hupoza maji, huzuia mwani kuzidi, na majani yanayoanguka ndiyo chakula kikuu cha wadudu wa vijito vidogo. Ukikata miti ya ukingoni umenyang'anya kijito paa na mlo kwa panga moja.

Sasa angalia sakafu. Chukua jiwe la ukubwa wa ngumi kutoka kwenye mkondo wa kasi. Likitoka kwa urahisi, na chini yake pana nafasi na changarawe safi, sakafu ina afya. Likiwa limeshikwa na mchanga na tope hadi nusu ya kimo chake, na unapoling'oa wingu la tope linapanda, basi vyumba wanamoishi wadudu vimezibwa. Rudia kwa mawe kumi yaliyochaguliwa bila kupendelea, na uandike mangapi yamezama nusu au zaidi. Kipimo hiki rahisi ninakiamini kuliko vifaa vingi vya bei kubwa, kwa sababu mmomonyoko wa mashamba ya mteremko ndilo tatizo la kwanza la vijito vya milima yetu, nao huacha alama yake sakafuni muda mrefu baada ya maji kuwa maangavu.

Kupima maji

Vipimo vya maji vifanywe kabla ya kuvuruga sakafu, na kila mara simama ukielekea maji yanakotoka. Anza na yale yanayohitaji macho na pua. Povu linalobaki kwa muda mrefu chini ya mahali pa kufulia huashiria sabuni, ingawa povu jepesi la hudhurungi chini ya maporomoko mara nyingi ni la asili, litokanalo na majani yanayooza. Utando wa rangi za upinde wa mvua uguswe kwa kijiti: ukikatika vipandevipande kama gamba ni wa bakteria wa madini ya chuma, na ukijiunga tena ni mafuta. Harufu ya yai bovu humaanisha tope lisilo na hewa.

Pima joto la maji kivulini kwa dakika mbili, na uandike saa. Oksijeni huyeyuka zaidi katika maji baridi: katika usawa wa bahari, maji ya nyuzijoto 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 kwa lita, na ya nyuzijoto 30 takriban 7.6 tu, na kiasi hicho hupungua zaidi kadiri unavyopanda mlima. Ukipata kifaa cha kupimia oksijeni kutoka chuoni au ofisi ya maji, kitumie alfajiri. Mwani hutoa oksijeni mchana na huitumia usiku, kwa hiyo kijito kilichojaa mbolea kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi saa nane mchana na kuwakosesha samaki pumzi saa kumi na moja alfajiri. Chini ya miligramu 5 kwa lita viumbe wengi wa mkondo huanza kutaabika.

Kwa pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kiwango cha 6.5 hadi 8.5 ni cha kawaida katika vijito vingi. Upitishaji wa umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka majini, ni kipimo kinachofaa zaidi kwa kulinganisha: miamba ya kale ya Uluguru huyeyusha chumvi kidogo, kwa hiyo namba inayoruka mara mbili au tatu baina ya sehemu ya juu na ya chini hudokeza kwamba kuna maji taka, mbolea au sabuni inayoingia katikati. Usiitafute namba iliyo sahihi popote duniani. Tafuta tofauti kati ya sehemu zako mbili.

Wingi wa maji hupimwa kwa chungwa. Chungwa huzama karibu lote na hivyo husukumwa na maji, si na upepo. Chagua mahali paliponyooka, pima urefu wa mita 10 kando ya maji, achia chungwa juu kidogo ya mstari wa kuanzia, na uhesabu sekunde. Rudia mara tano upate wastani. Pima upana wa maji na kina katika sehemu tano au sita. Tuseme upana ni mita 3, wastani wa kina ni mita 0.2, na chungwa lilitumia sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, zidisha kwa 0.8 kwenye sakafu ya mawe au 0.9 kwenye sakafu ya tope. Kwa sakafu ya mawe jibu ni 3 × 0.2 × 0.32, yaani mita za ujazo 0.192, au lita 192 kwa sekunde. Kipimo hiki kikikosekana hutajua kama uchafu umeongezeka au ni maji tu yaliyopungua kwa sababu mabomba ya umwagiliaji yameyachukua.

Kuwanasa wadudu

Sasa tunafika kwenye mashahidi wenyewe. Anzia upande wa chini wa sehemu yako na upande juu, ili usipime maji uliyoyavuruga mwenyewe. Weka wavu sakafuni, mdomo wake ukielekea mkondo, kisha simama mbele yake na usugue mawe kwa miguu na mikono kwa dakika mbili, ukihama kidogo kidogo, ili wadudu walioshikilia wasukumwe wavuni na maji. Mawe makubwa yageuze, yasugue kwa kiganja mbele ya wavu, na uyarudishe kama yalivyokuwa. Kisha pitisha wavu kwa nguvu ndani ya mimea na mizizi inayoning'inia ukingoni, jumla ya mita mbili hivi. Mwisho vuruga changarawe, mchanga na tope kwa dakika moja, ukipitisha wavu juu ya wingu linalopanda.

Suuza mfuko wa wavu kwa maji ya kijito, upindue kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita mbili, toa majani makubwa baada ya kuyakagua pande zote mbili, na uliweke beseni kivulini. Juani maji ya beseni hupata joto haraka, na wale walio wepesi kudhurika ndio watakaokufa kwanza, ilhali ndio unaowatafuta. Tulia. Dakika ya kwanza utaona takataka tu, na ya tatu takataka zitaanza kutembea. Kagua kwa robo saa. Zikipita dakika tano bila kuona aina mpya, acha.

Kuwatambua

Kwa kazi ya jamii, mbinu inayofaa ni miniSASS, iliyofupishwa kutoka SASS, mfumo wa Afrika Kusini wa kuipa mito alama kwa kuangalia wadudu wake. Tanzania inao mfumo wake, TARISS, uliochapishwa mwaka 2015 na uliojengwa juu ya toleo la tano la SASS, lakini huo huhitaji mtu aliyefunzwa kutambua familia nyingi za wadudu. Katika miniSASS makundi ni 13 tu, na kila kundi lina alama kulingana na wepesi wake wa kudhurika. Wingi hauhesabiwi: mmoja na mia ni sawa. Wengi wa wadudu hawa hawana majina ya Kiswahili yaliyozoeleka, hivyo nitamwita mdudu wa majini ambaye bado hajakomaa tunutu, na makundi yake kwa majina ya kisayansi yaliyoswahilishwa.

Mwenye alama kubwa kuliko wote ni tunutu wa plekoptera, alama 17. Ana mikia miwili, kucha mbili katika kila mguu, na matamvua yanayofanana na manyoya yaliyojificha makwapani mwa miguu, huku tumbo likiwa tupu. Hutambaa kwa haraka akijipindapinda kama nyoka, na hukaa tu kwenye maji baridi yenye oksijeni nyingi. Wanaoanza kazi humchanganya na tunutu wa efemeroptera, ambaye kwa kawaida ana mikia mitatu, ingawa wapo wenye miwili, na ambaye matamvua yake yamepangwa kando ya tumbo kama majani madogo yanayopepea. Kosa hili ni ghali, kwa hiyo usihesabu mikia ukaridhika: tazama tumbo. Efemeroptera wenyewe wamegawanyika. Wale wembamba wanaoogelea kwa mikupuo kama dagaa huvumilia uchafu kiasi na hupata 5. Wengine wote, wakiwemo waliobapa walioganda juu ya mawe, hupata 11.

Trikoptera hupata 9. Mwili wake ni laini kama wa kiwavi, una miguu sita karibu na kichwa na ndoana mbili nyuma. Wengine hujijengea kinyumba cha mchanga au vipande vya majani na kukiburura, kwa hiyo kijiti kinachotembea beseni mwako kichunguze kabla ya kukitupa. Tunutu wa kereng'ende, mnene, asiye na mkia wa kuonekana, hupata 6. Ndugu yake mwembamba mwenye matamvua matatu kama majani mwishoni mwa tumbo hupata 4. Kaa na uduvi wa maji baridi hupata 6. Mbawakawa na kunguni wa maji, wakiwemo wale wanaotembea juu ya maji, hupata 5. Konokono hupata 4, minyoo bapa 3, na ruba, minyoo wengine, na mabuu ya nzi na mbu hupata 2 kila kundi.

Katika kundi hili la mwisho wapo wawili wa kuwajua. Mmoja ni buu jekundu linalojipinda kama herufi S. Wekundu wake ni hemoglobini, inayomwezesha kuishi ambapo wengine hukosa hewa, na akijaa peke yake ujue maji taka yako karibu. Wa pili ni buu la usubi, lililoganda kwa nyuma juu ya jiwe kwenye maji ya kasi kama chupa ndogo iliyosimama. Katika baadhi ya vijito vya milima ya mashariki mwa Tanzania, kama vile Usambara, mabuu ya aina moja ya usubi hujishikiza kwenye mwili wa kaa badala ya jiwe, kwa hiyo kaa akaguliwe kwa kioo kabla ya kuachiwa. Kidole chako kiwe nyuma ya magando yake.

Ukimaliza, warudishe wote majini.

Kupata alama na kuzisoma

Jumlisha alama za makundi uliyoyapata, kisha gawanya kwa idadi ya makundi. Tuchukue mfano wa kubuni. Sehemu ya juu imetoa plekoptera, efemeroptera wa aina zote mbili, trikoptera, kereng'ende mnene, kaa, mbawakawa na mabuu ya nzi: 17 + 11 + 5 + 9 + 6 + 6 + 5 + 2, jumla 61, makundi 8, wastani 7.6. Sehemu ya chini imetoa efemeroptera wembamba, kereng'ende mwembamba, mbawakawa, konokono, ruba, minyoo na mabuu ya nzi: jumla 24, makundi 7, wastani 3.4. Mtu anayehesabu aina tu angeona nane na saba, akaondoka ameridhika. Wastani ndio unaoonyesha kwamba wakazi wamebadilishwa karibu wote.

Kwa vijito vya mawe, wastani unaozidi 7 hivi huelekea hali ya asili, na ulio chini ya 5 hivi ni wa kijito kilichodhurika vibaya. Kwa vijito vya mchanga mipaka iko chini kidogo. Mipaka hii ilitungwa Afrika Kusini, nayo hapa kwetu itumike kama dira tu. Plekoptera hasa wanahitaji tahadhari: katika Afrika ya tropiki aina zao ni chache mno, na kwa kuwa wana alama 17, tunutu mmoja aliyeponyoka wavuni anaweza kuuangusha wastani. Ondoa plekoptera katika mfano wetu na wastani wa juu unashuka hadi 6.3. Ndiyo sababu ninashauri uvue mara mbili au tatu katika sehemu ileile kabla ya kutangaza lolote, na pengo baina ya juu na chini ulipe uzito kuliko namba yenyewe.

Baada ya namba, tafuta sababu kwa kuuweka ushahidi pamoja. Mawe yaliyozama kwenye tope, trikoptera na efemeroptera waliobapa wametoweka, ilhali joto na upitishaji wa umeme havijabadilika: hapo tatizo ni mmomonyoko, na dawa yake iko mlimani, kwenye matuta na nyasi za kukinga maji. Mwani wa kijani uliofunika mawe kama manyoya, konokono wengi, upitishaji wa umeme uliopanda: hiyo ni mbolea au sabuni, na kivuli kilichokatwa huongeza makali yake. Mabuu mekundu, minyoo na harufu: maji taka. Hali ngumu zaidi kuitambua ni ile ambayo maji ni maangavu, mawe ni safi, oksijeni ipo, na wadudu karibu wote hawapo, huku konokono na minyoo wakiendelea na maisha yao. Hapo shuku dawa ya kuua wadudu, na uwaulize watu kama wameona kaa au samaki wakielea, na siku gani mashamba ya nyanya au kabichi yalinyunyiziwa. Wanawake wanaoteka maji alfajiri na watoto wanaovua huwa na majibu ambayo hakuna kifaa kinachoweza kuyatoa.

Kuweka kumbukumbu na kuzipeleka

Andika kila ziara kwenye ukurasa mmoja: tarehe na saa, jina la sehemu na viwianishi vyake kutoka kwenye simu, hali ya hewa ya juma lililopita, mita za mimea ya ukingoni, mawe yaliyozama kati ya kumi, joto, wingi wa maji, makundi yaliyopatikana, wastani, na jina la aliyetambua wadudu. Hili la mwisho si heshima bali ni kinga, kwa kuwa watu wawili hawana jicho moja, na mwakani utataka kujua kama aliyebadilika ni mto au ni mtazamaji. Mdudu usiyemjua mpige picha juu ya beseni jeupe, kichwa na tumbo vikionekana, ukiweka sarafu kando yake kuonyesha ukubwa.

Kumbukumbu za ziara tatu au nne zinatosha kupelekwa kwa ofisi husika. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, mabonde tisa ya maji nchini yana bodi zake, na vijito vinavyotiririka kwenda Ngerengere na Ruvu viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Zipo pia jumuiya za watumia maji zilizo karibu na wananchi, nazo mara nyingi husikiliza upesi zaidi. Peleka ramani yako, picha za mahali pamoja kwa tarehe tofauti, na jedwali la juu na chini. Usipeleke tuhuma juu ya shamba la mtu kwa jina kabla hujapima mara moja zaidi juu na chini ya shamba hilo, hatua chache kutoka mipaka yake yote miwili. Kabla ya kwenda kijito kingine, suuza gambuti na wavu, vianike juani mpaka vikauke kabisa, na uhakikishe hakuna konokono aliyebaki kwenye mishono.